Rejista ya Aljebra

Jumatatu, 1 Februari 1954

Nimewasomea masharti ya somo la aljebra tena. Mwaka wa tatu sasa. Wanafunzi ishirini na sita wanaosomea ualimu, wanaume wazima, wengine wana watoto. Wamesikiliza kama wako kanisani. Kuingia kabla ya kengele. Mazoezi yote mezani kwangu Alhamisi, hakuna kuchelewa. Anayemwonyesha mwenzake jibu, wote wawili sufuri. Ugonjwa ni kwa cheti cha zahanati tu. Anayekosa vipindi vitatu anafutwa jina, na chuo kimemwishia hapo.

Mwaka huu Mkuu ameongeza sharti moja pale chini, kwa wino mwekundu. Kila Ijumaa rejista ipelekwe ofisini kwake. Nakala inakwenda boma, ofisi ya serikali, kwa DO, Mzungu wa wilaya. Sijawahi kusikia DO akitaka kujua nani amejifunza aljebra.

Nimewasomea na hilo pia.

Alhamisi, 4 Februari

Wachira amefanya zoezi la sita kwa njia yake. Nimeikagua mara mbili. Ni fupi kuliko yangu. Nimeona wivu, halafu nikafurahi.

Ndiye Mkikuyu wa pekee aliyebaki chuoni tangu vita vya msituni vianze. Wenzake wawili hawakurudi baada ya Krismasi na hakuna anayewataja. Baba yake ana duka Sotik, kwetu Wakipsigis, miaka mingi. Wachira amezaliwa pale, anaongea Kipsigis bila kukwama. Juzi askari alimwuliza kwao ni wapi. Akasema Sotik. Akapigwa kofi.

Jumatatu, 8 Februari

Kiti cha Wachira kitupu. Jana alikwenda nyumbani kwa ruhusa. Amefika saa tisa mchana, viatu mkononi. Alizuiliwa na askari darajani tangu asubuhi, pasi yake ya kusafiri ikasomwa na watu watatu mmoja baada ya mwingine.

Zahanati haitoi cheti cha kuzuiliwa darajani. Nimeandika: hayupo. Moja.

Ijumaa, 12 Februari

Wachira ameletewa barua. Kuanzia wiki ijayo aripoti boma kila Jumanne, saa mbili asubuhi.

Kipindi changu cha Jumanne ni saa mbili asubuhi.

Nimeisoma nikiwa nimesimama, halafu nikakaa.

Jumanne, 16 Februari

Hayupo. Mbili.

Jumatano, 17 Februari

Nimekwenda kwa Mkuu. Nimemwomba kipindi cha Jumanne kiende mchana, nibadilishane na mwalimu wa kilimo, ambaye ameshakubali. Mkuu si mtu wa kelele. Amenipa chai. Amesema sharti likipindwa kwa ajili ya mtu mmoja si sharti tena. Halafu, polepole, akaniuliza mimi na Wachira tunajuana vipi.

"Ni mwanafunzi wangu," nikasema.

"Basi abaki hivyo."

Chai imenishinda kumaliza. Naogopa, na sijui hasa naogopa nini.

Jumanne, 23 Februari

Wachira amepita kwangu alfajiri, bado giza, akielekea boma.

"Mwalimu, leo ndiyo ya tatu."

"Najua."

"Nikienda nafukuzwa. Nisipoenda nafungwa."

"Nenda boma," nikamwambia. "Hii nyingine niachie mimi."

Nimeita majina. Nilipofika kwake darasa lote likainama kwenye madaftari. Nimeandika: yupo. Imekuwa rahisi kama jina lingine lolote. Hilo ndilo linanisumbua.

Ijumaa, 26 Februari

Nimepeleka rejista. Mkuu ameutazama ukurasa muda mrefu kuliko kawaida yake, akatia sahihi.

Nimemwambia mke wangu, Tabitha. Ameacha kuosha mboga. "Sasa umemwokoa ama umemfunga?" Nimekasirika, nikatoka nje. Mwanamke huyu huuliza maswali mabaya.

Jumanne, 2 Machi

Wachira alikwenda boma asubuhi. Jioni hajarudi. Ukungu umefunika mashamba ya chai mpaka barabarani, haionekani kama kuna mtu anakuja.

Jumatano, 3 Machi

Hajarudi. Homugadi wawili, wale walinzi wa serikali, wamekuja kupekua sanduku lake. Wameacha nguo, wamechukua daftari la aljebra. Mmoja amenionyesha ukurasa, akauliza hawa x na y ni majina ya akina nani.

Hakuwa anatania.

Alhamisi, 4 Machi

Mkuu ameniita. Karani wa boma ameweka karatasi mbili pamoja. Kitabu chao kinasema Jumanne ya tarehe 23, saa mbili, Wachira aliripoti. Rejista yangu inasema saa mbili alikuwa darasani. Mtu hawezi kuwa mahali pawili. Kwa hiyo wanasema kuna mtu mwingine anatembea na pasi yake, na wanataka jina la mtu huyo.

Mtu huyo hayuko. Nimemtengeneza mimi, kwa kalamu.

Mkuu aliniuliza kama rejista yangu ni ya kweli. Nilisema, "Ni ya kweli, Bwana." Naandika hapa ili kesho nisijidanganye. Nilisema ni ya kweli.

Mwoga.

Ijumaa, 5 Machi

Nimefundisha. Sikumbuki nilifundisha nini.

Jumamosi, 6 Machi

Nimetembea maili tisa mpaka boma. Nimekaa kwenye benchi hadi saa saba. Nimemwambia DO niliandika uongo, kwamba Wachira hakuwa darasani, alikuwa hapa kwao kama walivyomwagiza. Karani akatafsiri. DO akataka irudiwe. Nikarudia mwenyewe kwa Kiingereza. Nimeandikishwa karatasi, nimetia sahihi.

Hakunipigia kelele. Aliniuliza kama nimekula kiapo cha wale wa msituni. Nikasema mimi ni Mkipsigis na ni Mkristo. Akasema hilo si jibu. Nikasema sijala. Akaendelea kunitazama.

Nimerudi kwa miguu, maili tisa tena.

Jumatatu, 8 Machi

Wachira ametolewa. Hakuruhusiwa kurudi chuoni. Akae dukani kwa baba yake, asivuke daraja.

Mkuu mwenyewe amelifuta jina la Wachira, kwa mstari wa rula. Nimehamishwa shule ya Ndanai, darasa la pili, kujumlisha na kutoa. Mkuu amesema nishukuru. Nashukuru. Namchukia pia.

Nimeomba nimpelekee Wachira sanduku lake. Amekubali bila kuinua kichwa.

Jumapili, 28 Machi

Mvua imeanza. Leo nimepata lori la kwenda Sotik, nikapeleka sanduku.

Mama yake aliponiona aliingia nyuma ya duka. Wachira alikuwa anapima sukari. Sikio lake la kushoto limezibwa pamba.

"Ni wewe uliniandika yupo?"

"Ni mimi."

"Siku tano waliniuliza ni nani aliripoti kwa jina langu. Nikawa nasema ni mimi. Kila nikisema ni mimi, wanapiga tena."

Hakusema kwa hasira. Alimaliza kupima, akakunja karatasi vizuri, akampa mteja.

Nilitaka kuomba msamaha. Halafu mvua ya mawe ikaanguka juu ya mabati, hata tungesema tusingesikiana. Akasukuma gunia la mahindi kwa mguu, akanionyesha nikae. Nikakaa. Yeye akaegemea kaunta, uso mlangoni.

Tukangoja ipungue.