Jina la Mwenye Duka

Jumatano

Nimechoka hadi macho yanauma. Kutwa nzima nimekuwa nikijaza yale maelezo yasiyoonekana ndani ya tovuti ya duka letu la vitambaa hapa Kansanga, ambayo kompyuta huyasoma ili mtu akitafuta mtandaoni atupate.

Saa za kufungua, simu, mtaa, vyote nikaviweka. Nilipofika kwenye jina la mwenye duka nikakwama. Bado lilikuwa la Baba, na tulimzika kabla ya Ramadhani.

Mama akachungulia. "Mbona umesimama?"

Nikamwonyesha.

"Andika lako, mwanangu. Mteja akimuulizia mwenye duka, tutamwitia nani?"

Nimeandika langu. Naogopa, sijui kama nitaliweza duka hili. Mama amekwenda kulala bila kula.