Kwako Emama Wubalech, Uliyemshikilia Fikirte Wetu

Mwaka umetimia, Emama, tangu tulipokusindikiza hadi uwanja wa kanisa, mvua ya mwezi wa Hamle ikitunyeshea sote.

Ulikuwa mama wa mume wangu, lakini hukuniita mkwe hata siku moja. "Asnakech, mwanangu," ndivyo ulivyoniita, hata uliponigombeza kwamba mkate wangu wa injera hauna macho, vile vitobo vya juu, umekuwa kama ukuta uliopakwa udongo.

Fikirte, binti yetu, alizaliwa na ugonjwa wa tezi zilizo juu ya figo. Daktari alituambia mwili wake hupoteza chumvi, tena hauna nguvu ya kujisimamia akiugua. Vidonge ni vya kila siku, akipata homa vinaongezwa, na akitapika mfululizo ni sindano hapo hapo, kisha mbio hospitali.

Tulikosea pamoja, Emama, na hukutaka lifichwe. Tulimpeleka kwenye maji ya baraka, tukikusudia asubuhi saba, tumbo tupu. Wazee wetu husema dawa na maji ya baraka havikai tumbo moja, basi vidonge tukaviacha nyumbani. Siku ya tatu homa ikamshika, akalegea mikononi mwako kama nguo iliyolowa. Ulimbeba mgongoni ukikimbia hadi barabarani, kiatu kimoja kikabaki njiani, unapigia magari kelele. Alipofumbua macho hospitalini, neno lake la kwanza lilikuwa, "Nataka chumvi." Ukacheka huku unalia.

Kesho yake ulimfuata padri wetu.

"Abba, mtoto huyu hataacha dawa tena."

"Emama Wubalech, lakini desturi..."

"Desturi! Tumbo lako lina pombe ya tella ya kila tezkari, kila karamu ya kukumbuka wafu wa mtaa huu, na baraka zinakaa humo bila ugomvi. Kidonge kimoja cha mtoto ndicho kitazifukuza?"

Abba alicheka mpaka akaegemea fimbo yake. Jumapili akawaambia watu kanisani kwamba Mungu wa maji ndiye Mungu wa vidonge, wagonjwa wavinywe vyote.

Ukaenda kwa muuguzi kujifunza sindano, ukachoma machungwa mpaka yakavuja. Mimi nilitazama tu, na nilipopewa sindano nikairudisha mezani. "Niachie," ulisema. "Mikono hii imekata kuku wa sikukuu vipande kumi na viwili kwa miaka arobaini. Itashindwa na kapaja kamoja?" Tangu hapo sikuwahi kuchoma. Homa ulikuwa unaijua kwa kumgusa shingo kwa mgongo wa kiganja, kabla hata sijatafuta kipimo. Hukuwahi kukosea.

Mwezi uliopita, Alhamisi mchana, Fikirte alitapika. Nikampa vidonge tena, akavitapika. Mwanao Desalegn alikuwa safarini na lori. Nikaita kwa sauti, "Emama, njoo!" Niliita kabla sijakumbuka.

Nilisimama pale na sindano mkononi. Sauti ya Fikirte ilikuwa imeshafifia, lakini akaniambia, "Choma tu, Mama. Bibi alikuwa anahesabu mpaka tatu, ila anachoma kwenye mbili."

Nikahesabu moja. Nikachoma kwenye mbili. Mama Tiruye, jirani yetu, akakimbilia bajaji, tukafika hospitali mtoto akiwa macho. Muuguzi akaniuliza, "Nani alikufundisha?" Nikalitaja jina lako.

Amepona. Jana alivunja gebeta ya jirani, ule ubao wa kuchezea bao, kwa kuikalia. Lakini nakutamani, Emama. Ningependa uje hata mara moja uniambie nilichoma vizuri au vibaya, unigombeze ukitaka, halafu tunywe kahawa mpaka kikombe cha tatu, kile cha baraka.

Unakumbukwa na mwanao Desalegn, mimi mkweo Asnakech, binti yako Yeshi aliye Gondar, ndugu yako Ato Mekuria, majirani wa mtaa mzima, na Fikirte wako, mwenye miaka minane sasa.

Hatutaacha kukuita, Emama, hata kama hutaitika.