Binti Yako Nilimwita Msichana wa Kazi

Pasiansi, Mwanza
Jumapili, baada ya misa ya pili

Kaka yangu Gervas,

Shikamoo. Mama naye mfikishie shikamoo yangu kabla hujasoma mstari mwingine, na umwambie asogee karibu na jiko, maana najua baridi ya Kasulu inavyomshika magoti. Kifua chako vipi? Maharage yamekubali mwaka huu? Sisi huku ni wazima wa mwili. Shemeji yako Masanja anakohoa kidogo kwa vumbi la gereji, watoto wanasoma, samaki wamepanda bei kama kawaida yao. Ni moyo tu ambao si mzima. Nimeikwepa simu makusudi, kwa sababu kwenye simu unanikatiza, unasema, "Yaishe, mdogo wangu, tumwachie Mungu," na mimi nanyamaza. Safari hii sitaki yaishe.

Ulimtuma Odilia kwangu alipomaliza kidato cha sita ukiamini kwamba huku kitambulisho cha taifa kitapatikana upesi. Fomu yako mwenyewe huko nyumbani imerudishwa mara mbili, imeandikwa kwa kalamu nyekundu kwamba uraia wako una mashaka. Wewe, uliyezaliwa chumba kile kile alichozaliwa baba! Nafasi ya binti yako ya chuo cha uuguzi ipo, lakini bila namba ya kitambulisho hawezi kuomba mkopo wa masomo, na maombi yanafungwa mwisho wa mwezi huu. Hayo unayajua. Usilolijua ni nililomfanyia mimi, na kabla hujalisikia kwa mwingine nataka ulisome kwa mwandiko wangu.

Nianze na kazini, ili uelewe ninaishi na watu gani, na nimekuwa mtu gani. Kwenye kituo chetu cha afya wanakuja kina mama wa visiwani, wengine wanavuka na kivuko kutoka Sengerema, wengine ni wa hapa hapa Ilemela. Mwenzangu wa mapokezi anasikiliza lafudhi kabla hajasikiliza ugonjwa. Akimsikia mtu anaongea kama sisi Waha, swali lake ni moja: "Wewe umetoka kambini?" Anamaanisha kambi ya wakimbizi. Mwezi uliopita alikuja mama wa Kibondo, mchuuzi wa ndoo na mabeseni, mimba ya miezi minane, miguu imevimba, kichwa kinamuuma, macho yanaona ukungu. Dalili hizo mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa kwanza anazijua. Akaambiwa akae benchi la ukutani mpaka mtu amletee barua ya serikali ya mtaa. Alikaa tangu asubuhi hadi saa saba mchana, nilipotoka chumba cha kuzalishia nikamkuta. Nilimpima presha, mashine ikanitisha. Tulimkimbiza hospitali kubwa. Yeye alipona, mtoto hakupona.

Taarifa ilipotufikia, mwenzangu yule akasema, "Waha nao wagumu kama mihogo yao. Atazaa mwingine." Watu wakacheka. Kaka, na mimi nilicheka.

Nilicheka kwa sababu kazini mimi ni Sista Masanja, mke wa Msukuma wa Misungwi, na hakuna aliyewahi kuniuliza zaidi. Mawese unayonitumia nayaweka uvunguni, wageni wasiyaone. Migebuka, samaki wa ziwa la kwetu, ikitajwa nasema sijawahi kuionja, mimi niliyekua nikigombea vichwa vyake na wewe. Nimeishi hivyo miaka kumi na mitatu, najiona mjanja.

Ukilalamika utaambiwa ni utani. Sisi tumelelewa na utani, tunaujua. Mtani anakutukana msibani, anavaa koti la marehemu, anakunyang'anya nyama, halafu ndiye anayeshika jembe kuchimba kaburi. Hawa wanatukana tu, jembe hawalishiki. Siku hizi kila tusi likishatoka mdomoni linabatizwa utani, na aliyetukanwa ndiye anayeambiwa hajui kucheka. Jirani yetu, mwalimu wa Bukoba, naye aliwahi kuambiwa arudi kwao Rwanda, lakini yeye ana kaka wakili na shemeji mkubwa serikalini, akapiga simu mbili wakamwomba radhi. Muuza ndoo atampigia nani?

Sasa nisikilize. Jumatano ya wiki ya juzi nilimpeleka Odilia ofisi ya vitambulisho. Alivaa sketi yake ya shule, maana ndiyo nguo nzuri aliyo nayo. Cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, barua ya mtaa, vyote vilikuwa kwenye bahasha, amevipanga mwenyewe. Karani ni mwanaume wa makamo, miwani kaipandisha kwenye paji la uso. Alipofika kwenye neno Kasulu akainua kichwa. "Amahoro!" akamwamkia, kwa sauti ya foleni nzima kusikia. Ni salamu ya Burundi, na kila mtu alielewa. Kicheko. Odilia akajibu, "Shikamoo, baba." Kicheko kingine.

Yakaanza maswali. Babu yako alizikwa wapi? Bibi mzaa baba alizaliwa kitongoji gani? Mlivuka mwaka gani? Hesabu kwa Kiha mpaka ishirini. Aliyetutangulia alikuwa msichana wa umri wake, wa hapa hapa mjini. Aliulizwa jina na tarehe ya kuzaliwa, akapigwa picha, akaenda zake. Binti yako alihesabu. Alisimama na bahasha yake kifuani akahesabu mpaka ishirini, na mwanaume mmoja kwenye foleni akawa anamrekodi kwa simu.

"Watu wa mpakani tunataka ndugu wa damu mwenye kitambulisho awasainie," karani akasema, kisha akanigeukia. "Mama, wewe ni nani wake?"

Hapa lazima nikwambie jambo nililokuficha. Kitambulisho changu kinasema nimezaliwa Misungwi. Wakati tunajiandikisha, niliona Waha wenzangu wanatolewa kwenye mstari na kuwekwa pembeni juani. Masanja akaninong'oneza, "Sema Misungwi, yaishe. Nani atafukua?" Nikasema Misungwi. Nilihudumiwa kwa dakika kumi. Faili langu la kazi linasema Kasulu, kitambulisho kinasema Misungwi, na hakuna aliyewahi kuviweka viwili hivyo kwenye meza moja. Ningesema Odilia ni mtoto wa kaka yangu, karani angebonyeza kompyuta yake na kuuliza inakuwaje kaka ni wa Kasulu na dada ni wa Misungwi. Mimi ni mtumishi wa umma, kaka. Kwa maelezo ya uongo kuna kufukuzwa kazi, na kuna mahakama.

Yote hayo yalipita kichwani kwangu kwa muda wa kumeza mate.

"Huyu?" nikasema. "Ni msichana wangu wa kazi."

"Aa, basi," karani akasema. "Waha kwa kazi wana nguvu, hukukosea. Mwambie ndugu zake waje wenyewe, kama wapo."

Odilia hakulia, wala hakununa. Tulirudi nyumbani. Kesho yake aliamka kabla yangu, akadeki, akafua hata soksi za Masanja, akachemsha chai. "Shikamoo, mama," akaniambia. Mama, kaka, kama wanavyosema wasichana wa kazi wa nyumba zote za mtaani kwetu. Nilimwita mezani, akasema atakula jikoni. Siku ya tatu watoto wangu wakaanza kumtuma maji. Nilimzaba kofi yule mkubwa wao, kisha nikajifungia chooni, kwa sababu kofi lile lilikuwa langu.

Masanja nilimweleza. Aliinamisha kichwa, akasema, "Misungwi niliitaja mimi." Ni mtu mwema, usimchukie. Mama yake alikuwa amekuja kutibiwa macho, akatusikia akiwa uani. Kiswahili chake unakijua. "Kwa hiyo huyo kalani anajua mtu kazariwa wapi kuriko mama aliyemzaa?" akauliza. Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe mkwe, mama yako umemtupa wapi?"

Basi Ijumaa iliyopita niliomba ruhusa kazini nikamchukua Odilia tukarudi. Njiani sikumwambia nakwenda kusema nini. Niliogopa nikisema mapema nitageuka. Nilifika dirishani nikasema, "Nimekuja kusahihisha. Huyu ni mtoto wa kaka yangu, tumbo moja, baba mmoja. Na mimi ni Muha wa Kasulu."

Karani akashusha miwani. Akamwita mkubwa wake, mama mmoja mwenye kilemba, mpole wa sura. Wakafungua taarifa zangu kwenye kompyuta. "Hapa pameandikwa Misungwi," yule mama akasema. "Kwa hiyo unakiri ulidanganya serikali?" Nilifungua mdomo kusema ndiyo. Nakuapia kaburi la baba, neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini alikuwa amekwisha kumgeukia binti yako. "Wewe binti, sema ukweli. Huyu ni nani wako?"

"Ni mama ninayemfanyia kazi," Odilia akasema. "Ana huruma sana. Anaona nitakosa chuo ndiyo maana anasema hivyo. Shangazi yangu yuko Kasulu."

Alisema taratibu, anamtazama yule mama machoni. Wakamwamini papo hapo. Kwao lilikuwa jambo jepesi kuamini. Yule mama akanitikisia kidole: "Huruma nyingine zitakupeleka jela, sista." Fomu ya Odilia ikasokomezwa kwenye boksi la wenye mashaka, chini ya nyingine nyingi, na kwa jinsi nilivyoyaona majina yaliyokuwa juu, wote ni watu wa kwetu. Karani akanyanyuka kutufungulia mlango. "Msikasirike," akasema, "mimi ni mtani wenu."

Nje nilimshika mkono nikamuuliza kwa nini. Alinitazama, kaka, akawa kama wewe ulipokuwa na umri huo. Kisha akasema, "Wewe ulisema vile kwa sababu ya aibu. Mimi nimesema vile ili usifukuzwe kazi. Una watoto watatu, na bibi kule Kasulu anakula dawa kwa mshahara wako." Akautoa mkono wake taratibu. "Maneno ni yale yale, lakini hayafanani."

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Nimemchukia karani, nimemchukia yule wa mapokezi, nimewachukia wote waliocheka kwenye foleni. Nikimaliza kuwachukia najikuta bado nina chuki imebaki, na najua ya nani. Ninachokiona kichafu kuliko vyote si kwamba wanatutukana. Wametufundisha kuwasaidia. Yule wa Kibondo alikaa benchi lile saa tano nzima, na mimi nilikuwa nimevaa sare nyeupe mlango wa pili, naogopa mtu asije akasikia kwamba naelewa lugha yake. Alikuwa anaomba maji kwa Kiha, na mimi nilimsikia.

Nakuomba haya. Mwambie baba mdogo, katekista, atafute parokiani cheti changu cha ubatizo na cha Odilia, avitume kwa basi. Mpeleke mama kwa mtendaji wa kijiji aape mbele yake kwamba amenizaa, na wewe uape pia. Kama mtendaji ataleta utani wake, mwambie mama ana miaka zaidi ya themanini na hana muda. Wasipofanya haraka, mwezi utaisha na mtoto atakaa mwaka mzima nyumbani kwa kosa langu.

Msalimie wifi, na umwombe radhi kwa niaba yangu kabla sijaja kumwomba mwenyewe, maana yule ni mwanawe. Wasalimie dada yetu mkubwa na mumewe fundi seremala, binamu zetu wote wa mlimani, na yule mkunga mzee aliyetupokea mimi na wewe. Mwulize kama bado ananikumbuka, tena umwulize mbele ya mashahidi.

Barua hii naipeleka stendi jioni hii kwa kondakta wa basi la Kasulu, kwa hiyo utaisoma kesho usiku, na kufikia hapo nitakuwa nimeshasema. Kesho saa mbili nitakuwa dirishani na faili langu la kazi mkononi, hilo linalosema Kasulu, na nitaliweka juu ya meza karibu na kitambulisho. Masanja anajua. Odilia nimemwambia nina zamu ya asubuhi. Ni uongo, na naomba uwe wa mwisho, lakini sikuwa na njia nyingine. Binti yako akiwepo ataniokoa tena.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Devota