Wote Wanakwenda kwa Kocha

Jumatatu, 3 Machi

Kikao cha idara. Mkuu wa idara kaingia na uso wa msiba. Mchepuo wetu wa masoko unakauka, wanafunzi wote wanakimbilia uhasibu. Chuo kimesema: tukikosa watu safari hii, tunaunganishwa na wahasibu. "Tunafundisha masoko na wenyewe hatununuliki!" akasema. Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Wa mwaka wa kwanza wanachagua mchepuo mwezi huu huu. Kwa hiyo Siku ya Maonyesho, michepuo ikijinadi kwao, lazima tung'are. Nikajiweka sawa kwenye kiti, nikijua jina linalofuata ni langu. Nani mwingine? Mtaala nimeuandika mimi!

"Kocha ataongoza," akasema Mkuu. "Dokta, wewe utamsaidia."

Kocha! Mwalimu mwenzetu sasa, lakini kijana niliyemfundisha mwenyewe, juzi juzi tu, anakaa nyuma na daftari la kuazima. Wanafunzi ndio waliompa hilo jina. Mimi mpaka leo hawajanipa hata la kunisema vibaya.

Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Jumatano, 5 Machi

Niko katikati ya somo, tabia za mlaji, mlango unagongwa. Binti mmoja: "Samahani Mwalimu, naomba viti. Kwa Kocha havitoshi."

Nikampa. Ningesemaje? Viti vitupu nilikuwa navyo tele.

Baadaye tukakutana koridoni. "Shikamoo Mama." Ananiita Mama tangu alipokuwa mwanafunzi, na mikono miwili anakupa, na kichwa anainamisha. Ningemchukia vizuri zaidi angekuwa na kiburi kidogo. Hana! Hata hicho kaninyima.

Jumamosi, 8 Machi

Sasa kaingia mpaka nyumbani kwangu.

Binti yangu yuko mwaka wa kwanza. Tangu sekondari nambembeleza asome masoko. Jibu lake siku zote: Mama, masoko ni maneno matupu, mimi nataka uhasibu. Leo mezani hajanyamaza. Kocha kawagawa vikundi, kila kikundi kimepewa mfanyabiashara mmoja wa nje ya geti wamsaidie kupata wateja. Wao wamepewa msusi. Wamekaa naye saluni, wamewauliza wateja kwa nini hawarudi. Kumbe wanachukia kusubiri bila kujua zamu yao! Kocha kasema hivi, Kocha kasema vile.

"Huyo Kocha ameoa?" baba yake akauliza kwa utani.

Wakacheka wote wawili. Nikaenda jikoni kuosha sahani zilizokuwa safi.

Tabia za mlaji. Ndiyo hiyo hiyo! Binti nilimpa vitabu vyangu, akavitumia kuegemeza dirisha.

Jumanne, 11 Machi

Mabango. Nililifanyia kazi langu siku nzima. "Masoko: Daraja la Mafanikio Yako." Picha ya daraja, jua linachomoza. Kocha akalitazama kwa muda. "Zuri, Mama." Kwa sauti ile unayomwambia mtoto aliyekuchora.

Kisha akafungua la kwake na wanafunzi. Picha ya yule msusi, kacheka hadi magego yanaonekana, na maneno machache: "Zamani nilikuwa nasinzia hapa. Sasa njoo mapema." Basi. Hakuna daraja, hakuna jua.

Nikatafuta kosa. Nikasogea karibu, nikarudi nyuma, nikavaa miwani. Hakuna. Ni zuri! Shida ndiyo hiyo, ni zuri.

La kwangu limebandikwa karibu na vyoo.

Ijumaa, 14 Machi

Maonyesho. Foleni ya meza yetu ilifika mpaka kwenye ngazi. Wahasibu wamekaa na bakuli lao la peremende, wanazila wenyewe.

Mzazi mmoja akaniuliza: "Mama, wewe ndiye wa kugawa vipeperushi?" Nikampa kipeperushi.

Halafu Kocha akapanda jukwaani. Akasimulia habari za msusi, ukumbi kimya, halafu kicheko, halafu kimya tena. Mwisho akanyoosha mkono kwangu. "Yote haya nimefundishwa na Mama yule pale. Aliniambia: anza na mtu, usianze na bidhaa."

Makofi! Watu wakageuka kunitazama. Nikapunga mkono kama bibi harusi.

Sikumbuki kusema hivyo. Kweli kabisa, sikumbuki. Nasifiwa, na sifa zenyewe nazipokea kutoka mkononi mwake! Binti yangu alikuwa safu ya mbele, anapiga makofi kwa nguvu zote. Hakugeuka.

Jumapili, 16 Machi

Amechagua. Masoko.

Neno nililolingojea miaka! Nikamkumbatia. Nikamuuliza, nini kimekubadilisha, mwanangu?

"Kocha," akasema, kama vile nimeuliza jua linatoka wapi.

"Na mimi je? Mimi si mwalimu wa masoko?"

"Ah, Mama. Wewe ni mama yangu. Ni tofauti."

Tofauti.

Jumatatu, 17 Machi

Kocha kaja ofisini, kafunga mlango. Kampuni kubwa inamtaka. Mshahara mnono, gari. Amewapa jina langu, watanipigia kuuliza habari zake. Hajamwambia mtu mwingine, hata Mkuu.

"Sijui la kufanya, Mama. Wanafunzi ndio kwanza wanaanza kuja. Ukiniambia nibaki, nitabaki."

Alinitazama kwa yale macho yake ya adabu. Nikamwambia afikirie maisha yake, ujana haurudi, chuo kitakuwepo tu. Sauti yangu ilikuwa tamu kama asali. Mwenyewe niliisikia, nikaishangaa.

Jumanne, 18 Machi

Wamepiga.

Mama mmoja mpole. Huyu kijana ni mtu wa namna gani? Nikaanza. Nikamsimulia habari za msusi, za viti vinavyohamishwa, za foleni kwenye ngazi. Nikasema anaanza na mtu, siyo bidhaa. Nikasema wakichelewa, wengine watamchukua. Hakuna wengine! Lakini mengine yote ni kweli tupu, hata chembe sikuongeza. Maisha yangu yote sijawahi kuuza kitu vizuri namna ile.

"Basi tumchukue haraka," akasema.

Nimerudi nyumbani naimba. Mume wangu akauliza nimepandishwa cheo?

Alhamisi, 20 Machi

Majina yametoka. Mchepuo wetu umejaa! Tumewapita wahasibu. Mkuu alikumbatia kila mtu, hata mhudumu wa chai. Akasema wakubwa wamekubali tusiunganishwe, na wote hawa wamemfuata Kocha, kwa hiyo mwaka wa pili atawafundisha yeye. Kisha akacheka: "Huyu kijana akiondoka leo, kesho wote wako uhasibu!"

Mimi nikacheka pia. Ningefanyaje?

Saa hii Kocha yuko sebuleni kwangu. Kaja mwenyewe, bila kupiga simu. Kampuni inataka jibu jioni hii. Alianza tu, "Mama, ile habari yetu..." binti yangu akaingia kutoka chuoni, akapiga kelele za furaha, akamkalisha, akaenda kuchemsha chai. Nikasema nafuata miwani chumbani. Miwani ninayo usoni.

Naandika nimesimama. Mlango uko wazi kidogo. Vikombe vinagongana. Binti yangu anamwambia kikundi chao kizima kimechagua masoko, hata yule rafiki yake aliyelipiwa ada na mjomba ili asome uhasibu — kagombana na mjomba wake kwa ajili hii!

"Na mwakani utatufundisha wewe, si ndiyo, Kocha?"

Kijiko kinazunguka kikombeni.

"Kocha? Si ndiyo?"

"Muulize mama yako," anasema.

"Mama!" Anakuja huku. Nasikia ndala zake. "Mama, eti nikuulize wewe—"