Buluu ya Babu

Mtaa wa Dardasht,
Isfahan.
9 Mehr 1397 (kwenu huko, 1 Oktoba 2018)

Mpendwa mwanangu Kiarash,

Salamu nyingi kutoka kwa shangazi yako. Hali yako huko Bremen? Nasim hajambo? Na yule mdogo, meno yamemaliza kuota au bado anawakesha? Sisi tu wazima, ila goti langu limeanza manung'uniko yake ya kila vuli, na mto umekauka tena, watoto wanacheza mpira chini ya daraja. Makomamanga yameiva. Nimekuwekea chupa mbili za rojo lake.

Salamu zitoshe, maana nina hasira, na nikiendelea kuulizia afya za watu nitakuwa mnafiki.

Baba yako ameiharibu picha ya babu yako, marehemu baba yetu. Ile ile ya wacheza polo, uliyoachiwa wewe: farasi saba ndani ya karatasi isiyozidi kiganja, na lile anga lililomchukua babu majira mawili. Nataka uyasikie haya kwangu kwanza, kwa sababu yeye atakuambia ameitengeneza.

Unazikumbuka zile chupa sita za wino ulizotuletea mwaka jana. Sina ugomvi nazo. Nilizijaribu kama babu alivyonifundisha: nikachora mstari wa kila wino, nikafunika nusu kwa kadi, nikaiacha karatasi dirishani kiangazi kizima. Mweusi haukutikisika, nami huutumia kwenye kope na ndevu. Kahawia nao ni mzuri, ukiuzimua kwa matone mawili ya maji. Lakini buluu na zambarau zilitoroka. Upande wa jua ulibaki kama doa la chai. Nilimwonyesha baba yako karatasi hiyo. Nikatia alama nyekundu kwenye vifuniko vya hizo mbili, nikamwambia ni za kadi za sikukuu, zisiguse kazi ya kudumu. Akaitikia vizuri kabisa.

Jumatatu iliyopita naingia karakana yetu, nakuta picha iko mezani na anga limelowa. Buluu ya chupa, juu ya buluu ya jiwe ambalo babu alilisaga na kulichuja mwenyewe mpaka vidole vikapasuka.

Nilimuuliza anafanya nini. Akanijibu taratibu, brashi ingali mkononi: "Dada, anga lilikuwa limefifia, limekuwa kama majivu. Nimelifufua."

Limefifia! Jiwe hilo halififii, Kiarash. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika, kwa kuwa ni baba yako.

Nilijaribu kuunyonya wino kwa pamba. Haukukubali. Wino ule haukai juu kama rangi ya jiwe, unazama ndani ya karatasi, na kila nilipogusa, buluu ya babu iling'oka nayo. Nikaacha. Imesalimika pembe moja tu, juu ya goli, ukubwa wa ukucha.

Siku tatu hatukusemezana. Alikunywa chai yake dukani, mimi yangu jikoni.

Siku ya nne nikaamua kumwaibisha. Nikaweka mbele yake makombe mawili ya chaza, yale tunayochanganyia rangi, moja la buluu ya jiwe, moja la kijivu cha masizi, nikamwambia anionyeshe lipi ni la babu. Akainama, akayageuza kwenye mwanga, akayasogeza mpaka karibu yaguse pua. Halafu akayaweka chini.

"Usinifanyie hivi, Turan."

Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, mwaka wa pili sasa. Anasema buluu ndiyo iliyoondoka kwanza. Amekuwa akipaka kwa mazoea ya mkono, na katika rangi zote za karakana ni ile ya chupa tu iliyokuwa bado inamfikia. Hata alama zangu nyekundu, ndogo kama zilivyo, hakuziona.

Usidhani hasira yangu iliisha. Ilihama tu. Miaka miwili amewagombeza wanafunzi wangu kwamba rangi zao ni chafu, mmoja akalia na kuacha kazi, na wakati wote huo uchafu ulikuwa machoni pake naye anajua. Kiburi gani hicho, cha kumficha hata dada aliyezaliwa naye?

Nimempeleka mimi mwenyewe kwa daktari. Atapasuliwa jicho la kwanza Jumanne ijayo.

Jana aliniomba niifungie picha sandukuni, na akiiulizia nimwambie kwamba wewe umeichukua. Nikakataa. Nikamwambia itakuwa ukutani, mbele ya kitanda chake, siku bandeji itakapofunguliwa. Kisha akauliza kama kweli ile pembe bado ipo. Nikasema ipo.

"Basi unisogeze karibu nayo," akasema.

Picha ni yako, mwanangu. Ukitaka nifanye vingine, nipigie simu kabla ya Jumanne.

Msalimie Nasim, mbusu mdogo, na umpe salamu zangu mama mkwe wako. Mungu ayalinde macho yenu na mikono yenu.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,

Turan