Shemeji Ameandika Riwaya Nzuri Ninayoichukia

Mpendwa Bu Kasmirah wa safu ya ushauri, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo nimewekwa mbele ya watu kukipasua kitabu cha shemeji yangu Prasojo, mdogo wake mume wangu, nikae naye jukwaani nieleze kilivyo ndani na nje, na jina langu kwenye bango ni kubwa kuliko la mkuu wa kijiji, na kitabu chenyewe nakichukia.

Kosa la bango ni langu. Aliponiuliza, "Shemeji, umekionaje?" nilimjibu kwamba jalada limependeza na karatasi ni nzito, na hapa kwetu Bantul hata mtoto anajua kuwa mtu akishasifu karatasi hana jema jingine la kusema, lakini Prasojo amekaa Jakarta miaka mingi, akafurahi kweli kweli, akasema, "Basi wewe ndiye utakayekipasua, hao wasomi wa chuo wataniletea usingizi."

Na si kwamba hajui kuandika, Bu. Mji wake umo ndani ya koo la mlima wa moto, watu wanafuma mvua kama vitambaa, mtu akifa sauti yake inahamia kwenye birika la nyumbani na maji yakichemka anawasalimia wanawe, na nilipofika hapo wali wangu uliungua na sikujali. Halafu anaanza kuwaua. Si vitani, ni mmoja mmoja, polepole, naye kasimama pembeni anaeleza. Watoto wa shule wanafukiwa na majivu kwa sababu tu sura imefika mwisho. Mkunga wao, Mbok Rinten, ambaye nilimsomea mume wangu vituko vyake akacheka mpaka akakohoa, anakatwa vidole, kisha analala kurasa nyingi akiomba maji, na birika liko pale pale, na hakuna anayempa.

Mama mkwe wangu aliomba maji hivyo hivyo siku zake za mwisho, daktari kakataza asinywe, mimi namlowesha midomo kwa pamba, na nilikuwa nikimpigia Prasojo simu namsimulia, naye anasema atakuja, akaja kuzika, lakini hilo si la kitabu. Mume wangu ananiambia, "We si useme tu ni kizuri, turudi tukale? Hao ni watu wa wino, hawana damu." Je, nina moyo mwepesi mno? Nikisema kweli nitamwaibisha, nikinyamaza nitakuwa nimemsifu.

Wiji, Bantul

Wiji, mumeo alicheka mpaka akakohoa, sivyo? Mwulize alikuwa anachekeshwa na wino gani.

Moyo wako hauna kasoro. Kitabu nimekisoma, na mji ule ningehamia kesho. Vifo havinitishi, nimekulia mbele ya maonyesho ya vivuli vya wanasesere, mashujaa wanakufa humo tangu kabla ya bibi yangu. Ila akifa mmoja, mchezesha vivuli hutuliza ngoma zake, na walio hai hubaki na pengo. Kwa shemeji yako hakuna anayesimama hata kidogo. Kila maiti inafungua tu mlango wa sura inayofuata. Una haki ya kukichukia.

Sasa nikukaripie. "Hilo si la kitabu," umeandika, ukalipitisha haraka kama mtu anayepitisha ndoo ya maji machafu mbele ya wageni. Ndilo lililokufanya uniandikie. Mkunga yule ana kiu uliyoisimulia wewe kwenye simu. Yawezekana Prasojo aliiiba kwa sababu ilimfaa. Yawezekana pia kwamba mtu ambaye hakufika hakuiona pamba, akabaki na ile kiu tu miaka yote hii. Mimi sijui. Wewe pia hujui, na mambo ya namna hiyo hayaulizwi kwenye kipaza sauti.

Kwa hiyo Ijumaa nenda kwake, peke yako. Usisifu kitu chochote, hata chai atakayokupa. Sema naye kwa ule unyoofu wa Jakarta: sikupenda ulivyowatendea watu wako. Kisha mwulize kuhusu mama yake, ukae, hata akinyamaza. Akikufuta kwenye bango, kubali bila kununa. Akitaka bado upande jukwaani, panda, useme yote mawili, kwamba mji ni wa ajabu na kwamba wenyeji wake wameonewa. Ya mama yaache nyumbani kwake.

Huenda Prasojo asije kwenu siku ya Idi, na mumeo atakulaumu wewe, na hilo sina dawa yake. Lakini gazetini nimeona shemeji yako anasema ameanza kuandika kitabu cha pili. Watu wa humo bado wazima. Nenda Ijumaa.