Ng'ombe Ndani ya Maharagwe

Jumatatu, 4 Agosti
Sanduku la shamba limekamilika! Na limelishinda lile la bahari nililomtengenezea mtoto kwanza. Katoni ya mafuta ya kupikia, nimeikata juu, chini nimeweka udongo mkavu niliouchekecha mwenyewe, halafu mahindi, halafu maharagwe yale mekundu makubwa. Muoki amenichongea ng'ombe huko kazini. Mdogo kama kidole gumba, na pembe anazo. Mume wangu akishika patasi, hata mti unatii.

Namficha ng'ombe ndani ya maharagwe, binti yangu Mutheu anazamisha mikono hadi kwenye viwiko, anamtafuta. Vidole vikifanya kazi, ulimi nao unafunguka. Ndivyo anavyosema yule mama wa vidio za malezi ninayemtazama kwa simu. Yeye ana vitu vya dukani. Mimi nina katoni na akili. Shule niliachia kidato cha pili, akili sikuiachia huko.

Mama Sylvance wa mlango wa pili alichungulia, akauliza kama nafungua duka la nafaka. Sylvance wake ana miaka minne na anahesabu mpaka mia. Sawa. Wangu ana miaka minne pia. Anasema "mama", "maji" na "hapana", basi. Lakini leo alipomshika ng'ombe alisema "mmm". Mmm ya ng'ombe kabisa! Mimi nilisikia.

Jumatano, 6 Agosti
Mama mkwe amefika kutoka Makueni. Sisi Wakamba tunamwita Mwaitu, mama yetu. Mtoto wangu amebeba jina lake, kama inavyotakiwa kwa msichana wa kwanza, na Muoki humwita hata mtoto mwaitu. Akiita, wanageuka wawili — mmoja na mvi, mmoja na kamasi. Huwa nacheka.

Leo sikucheka. Mwaitu alimaliza chai, akaweka kikombe chini, akasema, "Nimekuja kujichukua."

Kujichukua! Eti huyu mdogo ni yeye. Na haongei kwa sababu nimemfungia ghorofa ya tatu hapa Kayole kama kuku wa gredi. Akikaa naye kule mpaka Krismasi, ataongea. Muoki akaangalia sakafu. Hapo nikajua walishaongea kwa simu. Mtoto niliyembeba mimi, anapangiwa safari bila mimi!

Alhamisi, 7 Agosti
Nimemwonyesha Mwaitu masanduku yangu yote, ili ajue mtoto hakai bure. Bahari, ule mchele niliotia rangi ya buluu. Mvua, pamba na vifuniko vya soda vya kupigapiga. Nilieleza polepole kama mwalimu.

Kufika kwa shamba, akainama. Akachota maharagwe kwa kiganja, akayapuliza vumbi. Kwao mvua ya Machi ilikataa, najua. Akasema chakula hakichezewi. Nikamwambia huku si kuchezea, Mwaitu, ni kusoma. Akasema kwao watu wanasoma wakiwa wameshiba.

Muoki akacheka! Nimemnunia mpaka sasa.

Ijumaa, 8 Agosti
Andika, Koki, usije ukapasuka.

Nilienda kikao cha akina mama kanisani. Kurudi, harufu inanipokea kwenye ngazi. Isyo! Mahindi na maharagwe yanatokota kwenye sufuria yangu kubwa ya wageni. Nikafurahi, mjinga mimi. Halafu nikaona sanduku la shamba pale kona. Udongo mtupu. Ng'ombe amelala ubavu juu yake kama aliyekufa kwa kiangazi.

Mwaitu amepika shule ya mtoto wangu!

Nikamwuliza kwa heshima. Akanijibu nisiogope, ameosha vizuri, mchanga hamna. Eti naogopa mchanga!

Tukakaa mezani. Mimi nilikunja mikono, sikugusa. Mutheu naye hakula. Alikuwa anayasukuma maharagwe kwenye sahani, moja huku, moja kule. Halafu akazamisha mkono mzima. Mwaitu akamwambia atumie kijiko. Mtoto akainua uso, mchuzi unamtiririka mkononi.

"Ng'ombe iko wapi?"

Hivyo hivyo. Maneno matatu, yamefuatana! Muoki alibaki na kijiko hewani. Mimi nililia kabla sijajua nalia.

Sijafuta hata machozi, Mwaitu yuko mlangoni anapiga vigelegele, anamweleza Mama Sylvance kwamba mtoto ameongea kwa isyo yake. Isyo yake! Na huyo ng'ombe alitoka wapi? Nani alikuwa anamzika kwenye maharagwe kila siku? Bila sanduku langu mtoto angeshiba na kunyamaza. Na Mama Sylvance, yule yule wa duka la nafaka, akaomba sahani ya kumpelekea Sylvance, eti afungue akili zaidi.

Jumamosi, 9 Agosti
Muoki anasema pengine hii ni ishara. Kama sahani moja imefanya haya, je, kukaa hadi Krismasi? Tena kule ng'ombe ni wa kweli. Nikamwambia ng'ombe wa kweli hafichiki kwenye maharagwe. Akasema hilo si jibu.

Najua si jibu! Ningekuwa nalo ningempa. Mwaka mzima nimengoja mtoto aniulize kitu. Sasa amejua kuuliza, na swali linalofuata amwulize nani? Mwaitu. Na lile lingine Mwaitu. Mimi nitasimuliwa kwa simu, mtandao ukikubali.

Nimenunua maharagwe mengine ya sanduku. Nguo za Mutheu zimeingia kwenye mkoba wa Mwaitu. Nikazitoa. Nikapika chai, narudi — zimo. Nikazitoa tena. Hatusemezani. Ni mikono tu.

Jumapili, 10 Agosti
Leo kanisani Mwaitu alisimama aombewe safari njema, na mtoto amemshika mkono. Waumini wote wakasema amina. Ningekataa vipi mbele ya mchungaji? Alijua! Huyo mama ana hesabu zake.

Naandika nikiwa jikoni, nimesimama. Muoki yuko chini anatafuta tuktuk. Nilienda chumbani kuzitoa zile nguo tena. Zimeshatolewa. Mutheu amezitupa zote sakafuni, na mkobani amemimina maharagwe yangu mapya, na udongo wa sanduku, juu ya leso nzuri ya Mwaitu. Nikasimama mlangoni kungoja makelele. Chakula si hakichezewi?

Mwaitu amepiga magoti. Mkono umezama mkobani hadi kwenye kiwiko. Mutheu amesimama juu yake kama mimi ninavyomsimamia yeye akitafuta.

"Tafuta," anamwambia.

Neno jipya hilo! Sijawahi kulisikia kwake.

Mwaitu anatafuta kweli, anachambua pembe zote za mkoba, ananung'unika kwamba huyu ng'ombe ameenda wapi. Hatampata. Nilimtia mfukoni mwangu asubuhi, ili asisafiri. Hata sasa pembe zake zinanichoma pajani. Mwaitu aliniangalia usoni, akaangalia mfuko wa gauni langu, akarudi kutafuta. Nami nikakimbilia huku jikoni.

Muoki ameita kutoka chini. "Mwaitu!" Tuktuk imefika.

Ameita tena. Hakuna aliyeitika, mkubwa wala mdogo.